Mstaarabu Mpe Mchuzi

Mtu akikusifia kwamba wewe ni mstaarabu, kagua mifuko kwanza, asante itafuata baadaye. Mimi nimesifiwa hivyo tangu utotoni, na kila nikifuatilia sifa imetokea wapi, nakuta mtu amekalia kiti changu, amekunywa soda yangu, au anaomba apite mbele yangu kwenye foleni, "mara moja tu mzee wangu, wewe ni muungwana." Bado sijamwona aliyesifiwa uungwana kwa kukataa.

Watu wa rika langu hatukuchagua kuwa hivi. Tulifundwa na mama zetu, na mama zetu walipochoka, nchi ikapokea kijiti.

Kwa mama sheria ilikuwa fupi: ukienda kwa watu, umeshiba. Samaki wa nazi anaingia mezani, harufu imeshakufika kooni, tumbo linanguruma mpaka mwenye nyumba anachungulia dirishani akidhani kuna pikipiki, lakini wewe umeshiba. Mwenyeji akibembeleza unamtazama mama. Mama hasemi kitu, anakukata jicho tu. Kulikuwa na jicho la "onja kidogo usiwatie aibu" na kulikuwa na jicho la "thubutu, tutaonana nyumbani," na mtoto aliyeshindwa kuyatofautisha aliyajua usiku huohuo. Nyumbani nako, nyama ililiwa mwisho. Unamaliza ugali kwanza, kipande chako unakiacha pembeni ya sahani, kwa adabu. Binamu yangu mmoja, ambaye mama yake alikuwa na macho laini, ndiye aliyekuwa anakila kipande changu nikiwa bado na adabu. Binamu huyo leo ana ghorofa Goba. Mimi nina adabu.

Halafu ukaja mwaka 1979. Kampala ilikuwa imeanguka mwezi Aprili, Idi Amin amekimbia, wanajeshi wetu wanarudi wanapungiwa majani, na sisi watoto tukaamini zawadi ya ushindi itakuwa sukari. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Sababu zilikuwepo, sizibishii: Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika mwaka 1977, mafuta yamepanda bei duniani, na vita ina gharama zake hata ukiishinda. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Miezi 18 ilipotimia, sikumsikia mtu redioni akitangaza kwamba haya sasa, legezeni. Kwa hiyo mimi, raia mtiifu, bado nimefunga. Nasubiri tamko.

Wanangu hawaniamini nikiwasimulia kuhusu foleni ya mawe, wanadhani nachanganya na hadithi za sungura na fisi. Usiku ulikuwa unapeleka jiwe lako dukani, unalipanga nyuma ya mawe ya wenzio, unarudi kulala. La kwetu mama alilipaka chokaa upande mmoja lisije likachanganywa. Wengine waliweka kopo la kimbo, nusu tofali, ndala ya mguu mmoja. Asubuhi kila mtu anasimama mahali pa jiwe lake, na amini usiamini, hakukuwa na ngumi. Kulikuwa na maneno, kulikuwa na mama mmoja aliyedai jiwe lake lilisogea usiku, lakini ngumi hapana. Duka likifunguliwa tunasogea hatua kwa hatua, kilo moja ya sukari kwa kaya, mpaka zamu inakaribia, na hapo ndipo muuzaji anainua mikono: imekwisha.

Ilikuwa imekwisha upande wetu. Nyuma ya duka kulikuwa na mlango mwingine, na kupitia mlango ule wake za watu fulani walikuwa wanatoka na kanga zimetuna. Hapo ndipo nilipowasikia wastaarabu wakisifiwa hadharani kwa mara ya kwanza. Muuzaji alisimama ngazini akatushukuru wananchi kwa utulivu wetu. Alikuwa na kila sababu ya kushukuru.

Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na watu wa Simba nao wakaula, sijui kwa moyo gani. Jumapili mchana magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani ili kubana mafuta. Televisheni Zanzibar waliijua tangu miaka ya 1970. Sisi wa bara tulijizuia mpaka mwaka 1994. Yote hayo tuliyabeba. Kisha mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, na ghafla nchi ikajaa bidhaa: sabuni zinaokotwa vichakani, vitenge mitaroni, wengine wanatupa mali baharini usiku wasikutwe nayo. Ndipo tukajua kwamba sabuni ilikuwepo siku zote. Sisi tulikuwa tunajizuia, wenzetu walikuwa wanahifadhi.

Baada ya hapo kila awamu ilikuja na namna yake. Mzee Mwinyi alipoingia mwaka 1985 akalegeza mpaka watu wakamwita Mzee Ruksa, lakini ruksa ina wenyewe. Ukimfungulia mlango mtu aliyezoea kusimama na jiwe, anauliza foleni inaanzia wapi. Enzi za Mkapa ukosefu wa hela mfukoni watu waliuita ukapa. Magufuli alianza na sherehe za Uhuru za mwaka 2015, akazifuta watu wakafanye usafi, na milioni 225 zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge akaagiza sehemu kubwa ikanunue vitanda vya Muhimbili. Hilo nililipigia makofi. Kisha vyuma vikakaza mtaani kwetu pia, nikapunguza makofi. Mwaka 2022 Rais Samia akaidhinisha kima cha chini cha mshahara kiongezwe kwa asilimia 23.3, na jirani yangu mwalimu, ambaye hayuko kima cha chini, akapiga hesabu yake yote kwa 23.3. Alishapanga mpaka rangi ya makochi. Mwezi Julai alipoona kilichoongezeka, alikuja kukaa barazani kwangu bila kusema neno, na mke wake akanieleza kwamba mumewe anajizuia.

Nilidhani kwenye usafiri wa mjini mambo yangekuwa afadhali. Njoo Mbagala Rangi Tatu asubuhi uone daladala inavyojaa. Mlango upo, umeachiwa sisi. Wenye safari zao wanaingilia dirishani: mkoba unatangulia kushika siti, kichwa kinafuata, miguu inaingia mwisho huku konda akipiga bodi na kusema "twende, iko wazi." Mabasi ya mwendokasi yalipoanza safari Mei 2016 nikajua sasa zama zetu zimefika. Vituo vina paa, milango ya vioo, tiketi, mstari. Usafiri wa watu wa mawe. Kwa muda mfupi ilikuwa raha.

Nenda Kimara leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Foleni ipo, ndefu, imetulia, inasema "shikamoo" na "marahaba." Basi likifika na mlango kufunguka, hakuna tena foleni. Mama mmoja wa makamo alinitia kiwiko cha mbavu akaniambia "samahani baba," na ilikuwa samahani ya kweli kabisa, yenye huruma, ila kiwiko hakukitoa mpaka alipopita. Akapata siti. Nikasimama mbele yake, bomba mkononi, kwapa la kijana mmoja usoni. Tulipofika Ubungo akanitazama, akanihurumia, akasema: "Lete mkoba nikushikie, baba." Nikampa. Nikamshukuru. Hivi ndivyo tulivyo.

Hata mwezi wa kujizuia wenyewe umenishinda kuuelewa. Machi 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza wiki moja, na uani kwetu, ambako kuna Waislamu na Wakristo na mzee mmoja anayesema yeye ni wa mizimu, nikategemea kupumua kidogo kwenye bajeti. Wafungaji wamejaa nyumba nzima, nani atakula? Gunia la mkaa halijawahi kuisha haraka vile. Magimbi, tambi, maharage ya nazi, mzuzu, kaimati, uji wa pilipili manga, na wale wa Kwaresma nao, kwa mshikamano, wakawa wanafuturu. Muuza magimbi wa gengeni, ambaye miezi mingine ananibembeleza, alinitajia bei bila kuinua macho kwenye simu. Dini haijakosea popote, iliagiza mchana. Magharibi tuliibuni sisi.

Lakini yote haya ni maandalizi tu. Ukitaka kumwona mstaarabu akinyongwa hadharani, muziki ukipigwa, nenda harusini.

Inaanza miezi kadhaa kabla, na kundi la simu unalojikuta umeingizwa bila kuulizwa. Kila jioni mweka hazina anatuma orodha. Waliotoa wana alama ya vema, walioahidi wana nukta, na waliokaa kimya wamewekwa chini peke yao, na mikono iliyofumbatwa ya kusali mbele ya majina. Mstaarabu hapendi kukaa chini kule. Anatoa mapema, anatoa kamili, anatoa na ya kutolea. Kisha inakuja kadi, na juu ya kadi imeandikwa singo. Shemeji yangu, ambaye mpaka siku ya harusi bado ana nukta, ana kadi ya dabo na anaingia na watu wanne. Nikimuuliza mlinzi wa mlangoni imekuwaje, ananijibu kwa upole: "Mzee, yule aliongea." Kumbe kuna kuongea.

Ukumbini tunaketi saa moja jioni kama kadi ilivyoagiza, sisi wachache wenye mawe yetu. Maharusi wanaingia saa tatu na nusu. Katikati hapo kuna soda moja ya moto na MC mwenye kipaza sauti ambaye anatuomba tupige makofi kwa ajili ya mafundi mitambo, kwa ajili ya mpambaji, kwa ajili ya makofi yenyewe. Mgeni rasmi anasimama na kusema hatatuchosha, atasema machache. Mtu anayetangaza kwamba hatakuchosha ameshakupima akaona unachosheka. Huyu alianzia kwa Adamu, akapita kwa babu wa bwana harusi, akakaa sana kwenye ada ya chuo aliyomlipia, na muda wote ule nusu ya ukumbi ilikuwa inamtazama mpishi akipanga masufuria ya bufee nyuma yake.

Kisha MC anatangaza utaratibu wa chakula, na sura yake inabadilika, inakuwa ya serikali. Tutakwenda meza kwa meza. Tunaanza na meza kuu, wazazi wa pande zote, wasimamizi, kamati, wageni waliotoka mbali. "Wengine tunaomba tuendelee kuwa watulivu, tunajua ninyi ni wastaarabu." Nilipolisikia neno hilo nilishika mfuko.

Meza yetu ilikuwa karibu na spika na mlango wa choo. Tulitulia. Watu wa meza ya tano walikwenda wakati inaitwa ya tatu, wakaongozwa na shemeji, na hakuna aliyewarudisha. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, nilisherehekea zaidi kwa sababu ya harusi kuliko ya bahari, nikidhani sasa watu watabeba wanachoweza kula. Wapi. Walihamia kwenye vyombo vya mifuniko, vinavyobana vizuri, havimwagi mchuzi kwenye bajaji. Shemeji anavyo vya saizi tatu vinavyoingiliana, na mkewe ana pochi iliyonunuliwa kwa kazi hiyo.

Ilipofika zamu yetu, nilisoma bufee nzima kwa jicho moja. Kachumbari imejaa. Mchicha umejaa. Kachumbari na mchicha havijawahi kulindwa na mtu, unapakua mwenyewe mpaka uchoke. Mlinzi huwekwa kwa kuku tu, kijana mwenye kofia nyeupe na koleo, na vijana wa koleo wana kipaji cha kumjua mtu kabla hajafungua mdomo. Mbele yangu alikuwa bwana mmoja mwenye sauti, akasema, "Ongeza hapo, usiniletee utani," akaongezewa paja. Mimi nikanyoosha sahani na kutabasamu. Kijana akazungusha koleo chini ya sufuria, likagonga bati, akanitazama kwa heshima zote, akaweka koleo chini akachukua upawa. "Mzee wangu, nikuwekee mchuzi?" Nikasema asante, unatosha. Nilisema unatosha kabla hajamwaga. Mama angefurahi sana.

Usiku ule nilimlalamikia mama watoto kwamba nchi hii inawaonea wastaarabu. Alikuwa anavua viatu, hakugeuka hata kunitazama. Akasema: "Mstaarabu ni mtu anayeweza kugombana, akaamua kuacha. Wewe lini umeweza?" Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikajizuia.

Ila yeye mwenyewe alikuwa na lake. Wiki mbili kabla ya harusi ile alikuwa kwenye kicheni pati ya bibi harusi, na alirudi amenuna. Mashangazi kumi na kitu, kila mmoja na zawadi ya sufuria na wosia, na wosia wote ulikuwa mmoja: vumilia mwanangu. Akichelewa kurudi, vumilia. Akiwa mkali, nyamaza, maji ya moto hayachomi nyumba. Mdogo wake akija kukaa mwaka mzima, vumilia. Mama watoto akauliza, mbele ya watu, je, kwa bwana harusi kuna kikao kama hiki, na nani anampelekea sufuria? Kukawa kimya kidogo, kisha shangazi mkubwa akacheka akasema huyu naye, na ngoma ikapigwa. Nilimwambia alifanya vizuri kuuliza. Akanijibu kwamba mimi ndiye ninayelaza viatu sebuleni tangu tuoane na yeye ndiye anayevumilia, kwa hiyo nisijipendekeze. Hapo mazungumzo yalifika mwisho kwa upande wangu.

Nilijaribu kubadilika, nisiseme uongo. Nilikwenda kwa fundi cherehani ambaye suruali yangu amekaa nayo tangu kitambaa kikiwa cha mtindo, nikiwa nimeshajaza maneno kifuani. Njiani niliyafanyia mazoezi kwa sauti mpaka bodaboda akaniuliza kama naongea naye. Nikafika, nikapanua kifua, nikamkuta fundi amekaa na mteja mwingine anayefoka, anapiga meza, anataja polisi. Fundi akamkabidhi nguo yake palepale, imepigwa pasi. Kisha akanigeukia, akafuta jasho, akasema: "Unaona wateja wa siku hizi? Afadhali nyie wazee, mnaelewa. Njoo Jumatano." Maneno yote yakaniishia kifuani. Nikasema sawa fundi, pole na kazi. Jumatano nilikuta amefunga.

Sasa shemeji huyuhuyu anamwoza binti yake mwezi ujao. Mchango nimeshatoa, nina alama ya vema tangu wiki ya kwanza, namba mbili kwenye orodha baada ya mchungaji. Jana jioni akanipigia, sauti tamu. "Shemeji, kamati imekaa. Harusi zilizopita chakula kimetuletea aibu, watu wanapendeleana. Tumetafuta mtu wa kusimama jikoni asimamie nyama, mtu asiye na tamaa, mtulivu, na wote tumekutaja wewe. Unajua wewe ni mstaarabu."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nikamwomba anitajie kitu kimoja tu kuhusu ukumbi huo: jiko lake lina milango mingapi.